Maboga Juu ya Msingi

Miaka ile watu wakiniuliza naendeleaje, niliwajibu kuwa maboga yamekataa tena. Walidhani nalikimbia swali. Sikuwa nalikimbia, sikuwa na jambo jingine la kuwaambia. Kila nikitafuta ndani yangu kitu cha kusema, nilikuwa nakuta maboga.

Nilikaa Azaiba, hapa Maskati, nyuma ya barabara kubwa yenye maduka, katika nyumba ya mavyaa, yaani mama wa mume wangu. Ilikuwa na uwanja mbele na kiwanja nyuma. Kile cha nyuma mavyaa alimpa mume wangu ajenge vyumba viwili na jiko, tujitenge kidogo. Mume wangu akaanza kuchimba msingi mwenyewe siku za mapumziko, kwa mtaimbo na sepetu. Vibarua hakuwataka, akisema wanachimba kama wanaokwaruza ukoko wa sufuria. Alichimba mpaka mfereji ukamfika kiunoni, umezunguka vyumba vyote viwili na jiko, na jioni alikuwa akinisimamisha katikati ya vumbi ananiuliza, "Kitanda nikuwekee upande gani?" Mimi namwambia, "Weka kwanza ukuta."

Msingi ukakaa wazi unangoja saruji. Sisi tukenda Quriyat harusini.

Kwa asiyeijua nchi hii, wadi ni bonde kavu linaloshuka kutoka milimani. Mwaka mzima unaona mawe tu na mbuzi. Mvua ikinyesha huko juu, hata kwako kukiwa na jua, maji yanakuja kwa mpigo mmoja. Barabara ya kurudi ilikuwa inakata wadi, na siku ile maji yalishaanza kupita juu ya lami. Magari yamesimama huku na huku, watu wameshuka wanakunywa kahawa, wanangoja yapungue. Ndivyo wanavyofanya wenyeji wote.

Aliyekuwa anaendesha ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu. Jina lake silitaji, lakini mume wangu alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume, kwa hivyo anayetaka kumjua atamjua. Mzee mmoja alitoka kwenye pikapu yake akaja kutugongea kioo, anatikisa kidole, "La, la." Shemeji akacheka.

"Hawa wanaogopa kulowa viatu," akasema.

"Ngoja, bwana," mume wangu akamwambia. "Yatapungua hivi hivi unayaona."

"Nna kazi asubuhi. Kwani gari hii wewe huijui?"

"Gari naijua. Maji ndiyo siyajui."

"Wewe tangu mdogo mwoga," shemeji akasema, akatia gia.

Sina mengi ya kusema hapo. Gari ilielea, ikageuka ubavu, mlango wangu ukafunguka au ulivunjika, na mimi nikakutwa nimekumbatia mkunazi uliokuwa katikati ya maji. Miiba yake iliingia katika viganja mpaka ikatokeza upande wa pili. Vidole viwili vya mkono wa kushoto tangu siku ile havikunjiki. Shemeji alitokea dirishani, akafika ng'ambo na kiatu kimoja. Mume wangu alipatikana kesho yake kwenye mitende, chini kabisa. Walimwosha kwa majani ya mkunazi, kama maiti wote wanavyooshwa, na iliponifikia ile harufu ya majani nikatoka nje. Sikulia, na sijalia mpaka leo. Watu wakasema nna subira kubwa. Haikuwa subira. Unajua mguu ukifa ganzi unauona ni wako lakini wewe humo ndani yake? Basi hivyo, mwili mzima.

Siku ya tatu ya matanga mavyaa alituita mimi na mwanawe akafunga mlango. Akasema, "Ni kadari ya Mungu. Katika nyumba hii sitaki kusikia nani aliendesha." Mimi kadari naiamini. Lakini mzee wa pikapu naye aliumbwa na Mungu, na alikuja mpaka kwenye kioo.  Kwa hivyo nikihesabu wakosa, shemeji ni wa kwanza, na mavyaa aliyefunga mlango huo ili jambo lisitoke nje ni wa pili. Nimemtaja wa pili kwa sababu alinilisha na kunivisha, lakini nimemtaja.

Nilipokuwa katika eda, nimekaa chumbani sitoki, nilisikia sauti za sepetu nyuma ya nyumba. Nilipotoka nikakuta msingi umefukiwa. Shemeji alijaza mfereji ule makuti makavu ya mitende, matawi, maboksi na takataka zote za uwanja, ili mtu asije akatumbukia. Kisha juu ya kiwanja chote akamwaga lori zima la tope la wadi. Hapa Maskati watu wanalinunua kwa bustani, wanaliita udongo mtamu. Ni laini, halina jiwe, ukilishika unadhani unga.

"Shemeji, nimekuletea udongo," akaniambia. "Pandapanda, usikae ukiwaza."

"Umetoka wapi?"

"Quriyat. Wadi imeacha tope zuri, watu wanagombania."

Alisema vile na uso mkunjufu. Mimi nikamwangalia nione kama ataligundua lililomtoka mdomoni. Hakuligundua. Ninavyomjua mtu yule, wala hakufikiri. Ndivyo alivyo, hafikiri. Akalimwagia tope lile maji, likatulia, kisha akapanda gari yake mpya akaenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka kiwanja kikawa kimelazwa kama mkeka.

Nilipanda maboga kwa sababu mbegu zilikuwapo. Shangazi yangu aliniletea kutoka Unguja, zimefungwa kwenye kitambaa, na mavyaa siku zote alikuwa analalamikia maboga ya sokoni. Futari bila boga la nazi kwake haikuwa futari, na la hapa anasema lina maji kama tikiti. Basi nikapanda msimu wa baridi ulipoanza. Yakaota vizuri, majani mapana. Yakatambaa kidogo. Kisha adhuhuri moja nikayakuta yamelala, jioni yakainuka, kesho yakalala tena, mpaka siku hayakuinuka. Nikayamwagia maji kila jioni. Nilivyoyamwagia ndivyo yalivyozidi kunyauka.

Mwaka wa pili nikasema labda ardhi haikulimwa. Nikamwaga maji mengi ilainike, nikalima nayo ingali tope. Jua likapiga, kila bonge likawa tofali. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nilijua kuwa hapo nimefinyanga.

Tena kulikuwa na ufagio. Sisi watu wa Unguja tumelelewa kuwa mwanamke mwenye adabu anajulikana kwa uwanja wake. Unaamka alfajiri unafagia mpaka jani moja lisibaki, unanyunyiza maji kutuliza vumbi, na mistari ya ufagio ionekane mgeni akipita. Mavyaa aliivuka bahari na ada hiyo kamili. Alifagia mbele na nyuma kila asubuhi ya Mungu, mgongo umepinda, ufagio wa chelewa aliokuwa akiagizia kwao kwa sababu wa makuti ya mtende anasema hauna meno. Wageni wakija wanamsifu, "Bibi, uwanja wako kama sakafu." Naye anaona raha. Na kweli ilikuwa sakafu. Siku moja nilidondosha yai pale nyuma, likapasuka kama nimelidondosha juu ya marumaru.

Mwisho wa msimu ule wa pili shemeji akaja na maneno yake. Alikuwa na gari mbili sasa, ya pili anaiegesha ukingoni mwa kiwanja changu. Akamwambia mama yake mbele yangu: hiki kiwanja kimekufa, hakioti kitu, tukitandike matofali ya sakafu, tuweke na paa la bati, magari yapate kivuli. "Na wewe shemeji utapumzika na jua," akasema, kwa huruma kabisa.

Mavyaa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Ukinifuturisha boga la kiwanja hiki Ramadhani inayokuja," akaniambia, "nyuma ni kwako, hakuna atakayetia tofali. Usiponifuturisha, mwache mwenzio aweke magari yake."

"Mama, unafanya mchezo," shemeji akasema.

"Nimekwisha sema."

Nataka mnielewe kilichokuwa hapo. Mimi sikuzaa. Mjane asiye na mtoto katika nyumba ya mavyaa ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Kaka yangu alikuwa na nafasi kwake Qurum, na mkewe amekwisha nitajia chumba kile kwa jinsi mtu anavyokutajia dawa chungu. Kilichonifanya niwe wa pale ni kiwanja kile tu, alikochimba mume wangu. Kikitandikwa matofali, mimi nilikuwa nimebaki na kitanda katika chumba cha watu.

Sikuogopa. Ningependa kusema niliogopa. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikaangalia maboga yaliyokufa, na nikiangalia hivyo nikaona kuwa hayakufa yote. Matatu yalikuwa bado na majani mabichi, ijapokuwa joto lilikwisha kuingia na wenzao walikuwa vumbi. Matatu hayo yalikuwa mbalimbali, lakini ukiyatazama kutoka ngazini yamekaa katika mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi.

Nikaenda nikang'oa mfu mmoja katika yale maboga. Alitoka mara moja, bila ubishi, na bamba la udongo limemganda. Nikamwosha kwenye ndoo. Mzizi wake mkubwa ulikuwa umeshuka kiasi cha kidole, kisha umepinda kama goti na kwenda ubavu, umezunguka juu juu chini ya lile tope lililoganda, unatafuta pa kupenya. Ncha zake zilikuwa kahawia na zinanuka kama bomba la choo. Yale maji yangu ya kila jioni yalikuwa yanasimama hapo hapo, mzizi unakunywa na huku unakosa pumzi.

Nikajaza kopo maji nikalimwaga pale alipokuwa mfu. Nikaenda nikasali alasiri, nikarudi, maji yalikuwapo, mdudu anaogelea. Nikamwaga kopo jingine kwenye shina mojawapo la yale matatu. Yaliingia kama yameitwa.

Mtaimbo wa mume wangu ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa stoo tangu siku aliyouacha. Nikauchukua. Kwenye sakafu ya mavyaa niliupiga ukadunda, ukanirudia mkononi mpaka kwenye bega. Kwenye mstari wa matatu niliupiga ukavunja gamba, kisha ukazama wenyewe, ukazama, mpaka nikaogopa utanipotea. Nikautoa. Ncha yake ilikuwa na vipande vyeusi vya makuti yaliyooza.

Nikaelewa niko wapi. Ule ulikuwa msingi wa chumba chetu. Chini pale alipochimba yeye kulikuwa kumelegea, na takataka za nduguye zimeoza humo zikawa chakula, na gamba la juu ndilo lililokuwa limeziba. Nikauchomeka mtaimbo hatua moja mbele, ukazama. Nikafika kwenye kona, nikakata kulia kwa sababu najua kona ilikuwa wapi, ukazama. Nilizunguka vyumba vyote viwili na jiko bila kukosea. 

Kazi niliifanya majira ya joto, baada ya sala ya alfajiri kabla ya jua kushika. Safari hii sikulima wala sikugeuza udongo. Nilikuwa nauchomeka mtaimbo mpaka chini, nautikisa huku na huku gamba lipasuke na shimo lipanuke, nautoa, nasogea kiasi cha shubiri mbili, nauchomeka tena. Mkono wa kushoto ulinisumbua, kwa hivyo niliufunga kitambaa kwenye chuma. Mashimo yale niliyajaza samadi kavu ya mbuzi wa jirani na makuti niliyoyakatakata, ili yasijifunge tena. Ya juu nilifunika majani na makuti mazima. Nikatandika mbao za makasha ya matunda niwe nakanyaga hapo tu, kwa sababu niliona kuwa nyayo zangu mwenyewe zinarudisha kile nilichokivunja.

Shemeji gari yake ilikuwa bado inakata kona ya kiwanja kila akitoka. Nikaweka mawe, akayaondoa. Nikaweka tena, akayaondoa. Basi nikausimamisha mtaimbo pale pale kwenye njia ya gurudumu, nikaupigilia.

"Mtaimbo huu utanitoboa tairi," akaja kunambia.

"Basi usiupandie."

"Shemeji, wewe siku hizi una jeuri."

"Mwenye mtaimbo alikuwa mpole. Umeona alipofika."

Akaondoka. Gari akaiegesha barabarani.

Kwa mavyaa ilikuwa kazi zaidi. Asubuhi ya kwanza alipoona makuti yametandazwa juu ya ardhi alisimama na ufagio wake kama mtu aliyekuta kinyesi sebuleni.

"Nini hii?"

"Nguo ya ardhi, mama. Nikiiacha uchi jua linaikausha inakuwa gamba."

"Ardhi ikavaa nguo tangu lini? Watu watasema nini? Watasema bibi kazeeka, hawezi tena kufagia."

"Watasema mkamwana wako mchafu. Waache waseme hivyo."

"Hilo wanalisema siku zote," akanijibu. "Unafuga nyoka hapo."

Siku ya wageni aliamka kabla yangu akayafagia yote, akayarundika kwenye pipa, akanyunyiza na maji. Nikayatoa kwenye pipa nikayarudisha, kuti kwa kuti, wageni wakiwa barazani wananiona. Hakunisemesha siku mbili. Mara ya pili alifagia nusu akaacha. Alisema mgongo unamuuma.

Na maji nayo nilibadilisha. Sikunyunyiza tena jioni. Niliuweka mpira wa maji kwenye shina, umefunguliwa kidogo tu, unadondoka taratibu mpaka chini kabisa kulowe, kisha nauondoa na naacha siku zipite. Nilichomeka mtaimbo mwembamba, kipande cha nondo, nikauangalia. Ukitoka mkavu mpaka katikati, namwagia. Ukitoka na ubichi, nangoja. Mzizi ukipewa maji juu kila siku unakaa juu kama mtoto anayelishwa kitandani. Ukiyakosa juu, na chini pako wazi, unashuka kuyafuata.

Joto lilipovunjika nikatia mbegu zilizobaki. Sikuzitia katikati ya kiwanja. Nilizitia juu ya msingi, kuzunguka.

Majani yalipofika magotini mavyaa alitoka asubuhi moja akasimama kwenye mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa juu ya mbao nachomeka nondo.

"Hiki kilichoota ni nini?" akauliza.

"Maboga."

"Maboga nayaona, si kipofu. Nauliza hiki." Akachora hewani kwa ufagio, pembe, pembe, pembe.

"Chumba chetu," nikasema. "Hapo mbele yako palikuwa pawe na mlango, sikupatia mbegu. Kile kidogo ni cha wageni. Pale palipoachana ni jiko."

Aliushusha ufagio. Kisha akaingia ndani, na ufagio siku ile sikuusikia.

Ramadhani zile ziliangukia wakati wa baridi. Mwezi ulipoandama, maboga yalikuwapo, makubwa, lakini bado mabichi na kikonyo kibichi. Boga changa ukilipika na nazi linakuwa uji, na mavyaa asingekubali kuitwa amefuturishwa kwa uji. Kila siku baada ya adhuhuri anatoka barazani, "Bado?" Mimi natazama vikonyo, nagonga maganda kwa kidole, "Bado." Shemeji alikuwa amekwisha leta matofali yake. Yamepangwa langoni, yamefunikwa turubali, na kila nikitoka kwenda dukani nayapita.

"Yakae tu," alinambia. "Hayaozi."

Tuliingia kumi la mwisho la mwezi. Siku moja nikagonga lile la kona ya chumba kikubwa, likanijibu kwa sauti ya ngoma iliyolegea, na kikonyo kilikuwa kimekauka kama kamba. Nikalikata. Ndani lilikuwa la manjano iliyoiva na kavu, na kisu kilipita kwa kunata kidogo, kama yale ya kwetu. Nilikuna nazi mbili, nikalipika kwa tui zito, iliki, sukari kidogo na chumvi ya kuonja tu, nikaliacha likauke mpaka mafuta ya nazi yakatoka ukingoni.

Magharibi tulikaa kitako watatu kwenye mkeka. Tukafungua kwa tende. Mavyaa alinyoosha mkono akachukua kipande, akakitia mdomoni, akafumba macho. Nilikuwa nahesabu anavyotafuna. Akachukua kipande cha pili bila kusema neno, na kwake yeye hilo ni neno.

Shemeji naye alikula. Akala tena. Akajipakulia mara ya tatu, akafuta vidole, akasema, "Si nilikwambia, shemeji? Udongo wangu ule mzuri. Ulikuwa unataka muda tu."

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli. Nililiweka chini taratibu, nakumbuka, kwa sababu sikuwa na hasira, na ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nikasema kwa sauti ile ile ambayo ningemwomba anipitishie sukari.

"Udongo wako ulikuwa unaziba. Boga hili limekula katika shimo alilochimba kaka yako. Na wadi uliingia wewe. Mzee alikuja kukukataza, kaka yako akakukataza, ukamwita mwoga, ukatia gia."

Alimtazama mama yake. Alikuwa anangoja neno la kadari, kama siku zote. Mavyaa alikuwa na kipande cha boga mkononi, hakukitia mdomoni wala hakukirudisha sahanini. Adhana ilikwisha kitambo na sote tulikuwa hatujasali. Shemeji akasema, "Mama."

"Matofali yako," mavyaa akamwambia, "yatandike mbele. Nyuma usipeleke."

"Mama, mimi sikutaka…"

"Najua hukutaka. Yatandike mbele."

Hakusema zaidi, si siku ile wala baadaye. Hakunambia kuwa mimi nilikuwa na haki. Shemeji hajaniomba radhi mpaka ninapoandika haya, na ana wajukuu. Alitandika matofali yake mbele, uwanja mzima, akatia na bati. Siku ikinyesha maji yanakosa pa kwenda, yanaingia kwenye chumba chake cha wageni, na yeye anayatoa kwa ndoo. Mimi nasikia ndoo. Sifurahi, wala simwonei huruma.

Msimu ulipokwisha nililichimba lile shina la kona nione lilikofika. Mzizi wake ulishuka moja kwa moja kupita kwenye gamba kwa tundu la mtaimbo, haukupinda goti. Nililala kifudifudi nikatia mkono mpaka kwapani na mzizi ulikuwa bado unaendelea chini, mnene, mweupe, umeshika makuti yaliyooza kama kiganja kinavyoshika kitu. Nikaufukia hivyo hivyo.

Mavyaa aliishi miaka mingine, tukauvuka mwaka elfu mbili pamoja naye. Kila asubuhi aliamka kufagia, mpaka alipokuwa akifagia amekaa kwenye kigoda, anakisogeza. Alikuwa anaanzia jikoni, anakuja, anakuja, mistari ya ufagio imenyooka, mpaka kwenye ukingo wa makuti yangu. Hapo alikuwa ananyanyua ufagio. Alisogeza kigoda, akafuata ule msingi kuuzunguka, kona kwa kona, bila kuugusa, na pale penye nafasi ya mlango wetu akapafagia.